Vipele 9 kwenye boneti na mlango mmoja uliodanganya: kisa cha gari jipya la shemeji

Shemeji alinipigia Jumapili asubuhi, salamu hata hakuzimaliza, ati shem njoo uone hii gari ina vipele. Vipele vya namna gani? Akasema kama ngozi ya mtoto aliyeshikwa na joto. Nikacheka lakini nikaamka, kwa sababu hiyo gari ilikuwa na siku 2 tu tangu itoke shorumu, na pesa aliyolipa ingemjengea nyumba za kupangisha kule kwao Busia, halafu mwenyewe si mtu wa kulalamika ovyo, ni mama wa hadiweya anauza simiti na mabati, ukimuuzia kitu kibovu anarudi nacho kimya kimya anakiweka mezani kwako na kukuangalia.

Mimi kazi yangu ni rangi. Bunduki ya kupulizia nilishika mara ya kwanza Mombasa, sasa nina gereji ndogo Ndeeba, hapa Kampala, na gari zinazokuja kwangu ni zile za kila siku za Uganda, mtumba wa Japani, rangi imeshapigwa mara mbili tatu na hakuna anayekumbuka nani alipiga. Gari ya zero kilomita huwa siioni. Kwa hiyo wacha niseme mapema, kwenye hiki kisa kuna mahali mimi mwenyewe nilikosea, nitafika hapo. Jina la gari na jina la waliouza sitaji, haitasaidia mtu, hii kitu inaweza kutoka kwa yeyote.

Nikamkuta kwake Ntinda, mtaa mwingine wa Kampala, gari iko chini ya mti. Pickup ya kabini mbili, buluu iliyoiva yenye chembechembe za metali, ile rangi ambayo jua likiipiga unaona nyota ndani. Kwa macho tu na mbali kidogo, nzuri kabisa. Nikamwomba mfuko wa plastiki, ule mwepesi wa kufungia nyanya, nikauvaa mkononi kama glavu na kupitisha vidole kwenye boneti. Hii jaribuni nyumbani, bila mfuko mkono unateleza tu, ukivaa mfuko kila chembe inapiga kelele. Tik. Tik. Shemeji akavaa naye, akapitisha, akasema banange. Tukahesabu 9 kwenye boneti, 2 juu ya paa, kila moja nikaizungushia kipande kidogo cha mkanda wa karatasi wa mafundi rangi, gari ikaonekana kama ina surua.

Kabla ya kumlaumu mtu lazima ujue kipele kimeinuka au kimezama. Kampala tuna hawa kaloli, ndege wakubwa wa vipara, wamejaa kwenye miti na juu ya mapaa, na kinyesi chao kikikaukia kwenye rangi juani kinaila, kinaacha doa lililodidimia kama pete ya kikombe. Hilo ni la mwenye gari, waranti nyingi za rangi zinalikataa waziwazi pamoja na utomvu wa miti na mawe ya barabarani. Lakini hivi vya shemeji vilikuwa vimeinuka, na ukiwasha tochi kwa upande na kusogeza jicho karibu, unaona katikati ya kila kimoja kitu kidogo cheusi au cheupe kimelala chini ya klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, kimefunikwa. Kimoja kilikuwa kama unywele mfupi, uzi wa nguo. Hakuna kaloli anayeweza kunya chini ya klia.

Wacha nieleze kidogo rangi ya kiwandani inavyokaa, bila hiyo mengine hayataeleweka. Bodi inaingia chuma kitupu, haina taa, haina raba, haina waya, haina viti. Inazamishwa kwenye bwawa lenye umeme, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu inajishika kila pembe hadi ndani ya vizingiti, ule ukingo wa chini ya milango, ikitoka inaingia oveni ya joto la nyuzi 160 na zaidi. Halafu inakuja praima, halafu rangi yenyewe ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyofikiri, maikroni 15 hadi 20 hivi (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), halafu klia juu yake, maikroni 35 mpaka 50, na oveni tena, safari hii kama nyuzi 140. Ukijumlisha tabaka zote unapata maikroni 90 hadi 150 kwa gari nyingi za kawaida. Unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. Yaani kila kitu unachokiita rangi ya gari, kuanzia chuma mpaka mng'aro, hakifiki nywele tatu.

Sasa vumbi likianguka kwenye klia kabla haijaingia oveni, linapikwa nayo. Viwanda vinalijua hilo vizuri sana, kuna vinavyopangusa bodi kwa roli za manyoya ya mbuni kabla ya kupuliza, hewa inachujwa, wafanyakazi wanavaa nguo zisizotoa nyuzi, na mwisho bodi inapita kwenye handaki la taa ambapo watu wanatafuta vipele na kuvisugua kimoja kimoja. Na bado vingine vinapita. Kiwanda kina viwango vyake, boneti na paa wanazikagua kwa ukali, chini ya vizingiti wanalegeza kidogo. Kwa hiyo kipele kimoja kwenye gari jipya si kashfa. 9 kwenye boneti moja, hapo mtu alikuwa anawaza chakula cha mchana.

Nikaendelea kuizunguka. Chini ya mlango wa dereva, kwenye kizingiti, kulikuwa na chozi, klia iliyotiririka ikagandia hapo, urefu wa ukucha. Kiwandani pia hiyo, na mahali penyewe hakuna atakayeona labda anayefunga viatu. Bampa ya mbele ikaonekana imefifia kuliko fenda, nikasema kwa sauti kubwa ya fundi, hii imepigwa rangi upya, wamekuuzia gari ya ajali. Shemeji akashika kiuno.

Hapo ndipo nilikosea. Kesho yake tukapitia yadi ya wale wauzaji, na kabla hata ya kuingia ofisini nikaenda kuangalia nyingine za rangi ileile, zilikuwa 3, na zote bampa zimefifia vilevile kwa kiwango kilekile. Bampa ni ya plastiki, inapigwa rangi peke yake, mara nyingi hata si kwenye laini moja na bodi, joto lake ni dogo kwa sababu plastiki ikiingia kwenye oveni ya bodi inajikunja, na kwenye rangi za metali zile chembe zikilala tofauti kidogo tu basi jicho linaona rangi mbili. Si ajali, si kasoro ya kudai, ndivyo gari hizo zilivyo. Nikamwomba shemeji msamaha nikafuta bampa kwenye karatasi yetu. Na kama nisingeziona hizo 3 ningeingia mle ndani na kelele za bampa, wangenionyesha hizo gari, na baada ya hapo nani angenisikiliza kuhusu mlango?

Mlango sasa. Mlango wa nyuma wa kushoto.

Siku ile ya Jumapili nilikuwa nimeenda na geji ya kupima unene wa rangi, ile ndogo ya mkononi inayosoma kwa sumaku. Kwanza nikaijaribu kwenye kipande cha chuma kitupu mpaka isome sifuri, halafu kwenye kile kijikaratasi cha plastiki kinachokuja nayo ambacho unene wake umeandikwa, maana geji isiyopimwa ni redio tu. Boneti ikasoma 112, 118, 121. Paa 115. Mlango wa nyuma wa kulia 117, 119. Nikazunguka kwenye wa kushoto, nikaweka, ikaandika 228. Nikadhani nimeishika vibaya. Nikarudia, 241. Chini ya kitasa, 264. Karibu na ukingo wa nyuma, 310. Nikamwita shemeji nikampa mwenyewe aweke, kwa sababu mtu akipima mwenyewe hasahau.

Namba hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wenye geji wanapojiaibisha. 250 si pati, ule udongo tunaojazia bodi iliyobonyea. Pati ikiwepo geji inaruka 500, 800, elfu na zaidi, kwa hiyo huu mlango haukupondwa, ulipigwa rangi juu ya rangi. Na kiwandani pia wanarudia rangi wakati mwingine, bodi ikitoka na kasoro kubwa inasuguliwa na kupitishwa tena, unaweza kukuta gari halali kabisa paneli yake moja inasoma 200 na ushee. Kwa hiyo swali haliwi ni nene kiasi gani, swali ni ilipigwa lini, kabla gari haijaunganishwa au baada?

Nikafungua mlango nikapitisha kidole kwenye raba ya kioo. Raba mpya inatakiwa iwe laini kama sikio la mtoto, hii ilikuwa na ukwaru kama msasa uliochoka. Nikakwangua kwa ukucha, chini ya ukucha kukabaki unga wa buluu. Raba inawekwa baada ya rangi, tumeshasema bodi inapita oveni ikiwa tupu, kwa hiyo rangi haina njia ya kufika kwenye raba mpaka mtu apulize gari ikiwa imeshakamilika. Nikafuata ukingo wa ndani wa mlango kwa ukucha taratibu, na pale unapojikunja nikahisi ngazi, ngazi ndogo sana, mstari ulionyooka. Huo ni mkanda. Mtu alibandika mkanda hapo akapuliza, akabandua. Mimi nimebandika mikanda namna hiyo tangu ujana wangu, nilimjua fundi mwenzangu kabla sijamwona, na kusema ukweli kazi yake ilikuwa nzuri, rangi ilikuwa imeoana vizuri, ila mlango ulikuwa laini kupita majirani zake. Rangi ya kiwandani ina ule mkunjokunjo wa ganda la chungwa, huu ulikuwa kama kioo. Boliti za bawaba hazikuguswa, rangi juu yake haijapasuka, kwa hiyo mlango haukung'olewa. Mtu alikwaruza gari, mtu akaficha mkwaruzo. Hayo yalitokea kati ya kiwanda na Ntinda, na katikati hapo kuna meli, bandari ya Mombasa, barabara ndefu hadi Malaba, na yadi.

Nikamwuliza shemeji, hii gari ulikabidhiwa saa ngapi? Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua inanyesha, gari imetoka tu kuoshwa, kuna riboni kubwa nyekundu kwenye boneti, wakampiga picha. Na karatasi? Alisaini. Imeandikwaje? Akatoa kwenye mkoba, nimepokea gari ikiwa katika hali nzuri ndani na nje. Gari yenye maji haina kasoro jamani, maji yanajaza kila kitu, hata mimi ukiniletea gari imelowa siwezi kuikagua, na riboni yenyewe ilikuwa imelala pale vipele vilipojaa, sisemi walifanya makusudi.

Alitaka kwenda Jumatatu asubuhi na kupiga kelele. Nikamwambia tutaenda, ila kwanza barua. Fupi, ukurasa mmoja, tarehe ya kukabidhiwa, namba ya chasisi, kasoro moja moja kwa mahali pake, namba za geji, picha za raba na za mstari wa mkanda, na sentensi mbili za mwisho: naomba majibu kwa maandishi, na naomba gari isiguswe na fundi yeyote kabla sijakubali kwa maandishi. Nakala mbili, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa, inarudi kwenye mkoba. Uganda kitu bila muhuri ni hadithi.

Yule kijana wa mauzo akaisoma akitabasamu, akasema nyabo hiyo ni vumbi tu, ikioshwa mara tatu inatoka. Shemeji akamwuliza, na unga wa buluu kwenye raba nao utaoshwa? Akaitwa mkubwa wa sevisi, mzee mstaarabu, akatoka na kitambaa akapangusa, akaangalia juu ya paa, akasema hapa kaloli amepita. Nikampa tochi. Akainama, akakaa muda, alipoinuka hakurudia habari ya kaloli.

Halafu akatoa ofa, na hii ndiyo sababu hasa nimekaa kuandika. Akasema hakuna shida madam, boneti nzima tutaipiga rangi upya, bure, na ule mlango pia kama hauupendi, siku 5 gari iko tayari. Shemeji akafurahi! Akanigeukia uso unang'aa, shem umesikia, boneti mpya. Nikamwomba tutoke nje kidogo.

Mimi nakula kwa kupiga gari rangi upya, kwa hiyo nisikilizeni vizuri ninaposema usikubali. Ile rangi iliyopikwa nyuzi 140 huwezi kuirudisha kwenye gereji yoyote, iwe yangu Ndeeba au yao yenye vigae vyeupe, kwa sababu gari sasa ina waya, raba, plastiki, mafuta, ukiipeleka kwenye joto hilo unachoma gari. Sisi tunatumia rangi za kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, tunapika kama nyuzi 60, ni rangi nzuri, nawapigia watu na wanafurahi, lakini haijazaliwa pamoja na chuma. Halafu buluu ya metali haikubali kukatwa katikati, ukipiga boneti lazima uivushe kidogo kwenye fenda zote mbili ili jicho lisione mpaka, na klia imwagwe fenda nzima. Kwa hiyo shemeji aliyekuja na vipele 9 angetoka na paneli 3 zilizopigwa rangi, jumlisha ule mlango 4, gari ya siku 3. Akija kuiuza, mnunuzi mwenye geji kama yangu atazunguka, atasoma 240 mbele yote, atasema hii ilipinduka. Utamwonyesha nini?

Akanyamaza, akasema sasa nifanye nini, niishi na vipele? Nikamwambia vipele vinaondoka bila rangi. Mlango ndio hauondoki, na kwa sababu hauondoki huo ndio wa kuongelea pesa.

Kikao kilikuwa Jumatano, na safari hii mkubwa wa mauzo akaja, chai ikaletwa. Nilikuwa nimemshauri shemeji asianze na vipele. Akaanza na mlango. Mkubwa wa mauzo akasema hayo ni ya kiwandani, gari nyingi zinatoka hivyo. Nikatoa geji nikaiweka mbele ya mkubwa wa sevisi, nikamwambia mzee pima wewe. Tukashuka wote yadi, akapima mlango wa shemeji, akapima ile milango ya gari 3 za rangi ileile, 116, 120, 114. Nikamwonyesha raba. Sikusema neno, yeye ni fundi, raba anaijua. Akamwita kijana wa yadi wakaongea pembeni kwa Kiganda, nikasikia neno geeti mara mbili. Aliporudi akasema kwa sauti ya chini kwamba gari iliguswa na geti wakati wa kusogezwa, wakairekebisha, na ilitakiwa mteja aambiwe.

Basi hapo mambo yakabadilika kabisa, kwa sababu sasa si kasoro ya kiwanda tena. Watu wanachanganya haya mawili. Kasoro ya kiwanda unaidai kwenye waranti ya rangi, mtengenezaji ndiye anayebeba na anachagua njia ya kurekebisha, na kawaida waranti inaahidi matengenezo tu. Gari iliyokwaruzwa ikapigwa rangi halafu ikauzwa kama haijaguswa, hiyo ni kati yako na aliyekuuzia. Tuna sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, inamtaka mwenye biashara auze kitu chenye ubora unaostahili, ila kama ulikikagua kabla ya kununua huwezi kuja baadaye na jambo ambalo ukaguzi huo ungelionyesha. Vipele wangeweza kubishana navyo, si ulisaini madam. Mlango uliofichwa na fundi hodari, mama wa hadiweya angeuonaje kwenye mvua? Na korti ya madai madogo inapokea kesi hadi shilingi milioni 10, huna haja ya wakili, na shemeji hilo alilijua kuliko mimi kwa sababu ameshawapeleka pale wateja wa mabati waliokimbia na deni.

Alitaka kwanza gari nyingine. Hilo lilikufa haraka, rangi ile zilizobaki 3 zilikuwa na wenyewe, na yake ilikuwa imeshapigwa namba na bima, kwa macho ya kila mtu imeshakuwa ya mkono wa pili. Wakasema wampe sevisi 2 za bure. Akawaambia sevisi 2 ni bei ya misumari. Walivutana nusu saa, mimi nikiwa nakunywa chai tu, huyu mama anajua kununua. Mwisho ukawa milioni 5 zinarudishwa, hizo sevisi 2 zinabaki palepale, na barua yenye muhuri inayosema mlango wa nyuma kushoto ulipakwa rangi tarehe fulani kwa sababu ya mkwaruzo, bila kupondwa, na kwamba rangi ya mlango huo itakuwa na waranti yao kwa muda uleule wa gari nzima. Hiyo barua mimi naihesabu kuliko zile milioni. Siku ya kuuza ataitoa kabla mnunuzi hajatoa geji.

Vipele walikubali visuguliwe, na nikaomba nisimame hapo. Mkubwa wa sevisi akasema sawa, akamleta kijana wake anayeitwa kwa kazi za namna hiyo, mtaratibu, mikono haina haraka. Alikata kipande cha msasa namba 2500 ukubwa wa kucha ya dole gumba, akakibandika kwenye kijiti kigumu, maji na tone la sabuni, akasugua juu ya kipele tu, mizunguko midogo, kama anayefuta kosa kwenye daftari. Maji yakawa meupe kama maziwa. Hiyo ndiyo ishara unayoitaka, weupe ni klia, ukiona maji yamegeuka buluu basi umeshatoboa na mchezo umekwisha. Kila mara anapangusa, anaangalia kwa tochi, kipele kimelala sawa au bado. Kikilala anapita na namba 3000, halafu kampaundi, dawa nzito ya kung'arishia, na mashine ndogo yenye sponji, mwendo wa chini, hakai sehemu moja sekunde nyingi kwa sababu joto linalainisha klia. Mwisho kitambaa chenye spiriti, maana kampaundi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya, ukiosha wiki ijayo inarudi.

Nikapima. Palipokuwa 118 pakasoma 115. Maikroni 3, klia bado ipo ya kutosha kubeba jua letu la ikweta, ila si pa kuchezea mara ya pili, sehemu hiyo imeshatumia akiba yake. Kile kipele chenye uzi tulikiacha. Uzi ulikuwa umelala chini sana, kuufuata kungetoboa, kijana akanitazama, nikatikisa kichwa, shemeji naye akainama kwa tochi akasema huo unaweza kubaki nitauzoea. Chozi la kizingiti pia tuliliacha, nalo halimsumbui mtu. Viwili vya paa vikaondoka kwa dakika 10.

Kitu kimoja kilinikera siku hiyo. Tulipomaliza akatokea kijana mwingine wa kuosha na mashine kubwa ya polishi, ati aing'arishe yote madam afurahi. Nilimzuia kwa mwili. Ile mashine ikishikwa na mtu mwenye haraka inaacha mizunguko kama utando wa buibui kwenye rangi iliyoiva, unaiona ukisimama petroli stesheni usiku, na hiyo nayo ingekuwa barua nyingine.

Mwezi uliopita shemeji alipita Ndeeba akitoka Tororo. Gari imejaa vumbi jekundu hadi madirishani, nyuma kwenye sehemu ya mizigo kuna mabati, na kwenye boneti, kama kiganja kimoja kutoka pale ulipo ule uzi, jiwe la lori limemega rangi mpaka chuma. Akashuka akaniuliza kama hiyo nayo ni ya kiwanda. Nikacheka, nikatafuta kile kichupa cha rangi kilichokuja na gari, nikapangusa kitobo kwa spiriti na kuweka tone kwa ncha ya kijiti cha meno. Akasimama pembeni akiangalia, halafu akasema shem, leta geji.